Ufunguo Mgongoni mwa Ajuza

Bi Waya alikuwa mtu wa kusahau, na alijijua. Aliwahi kuacha birika motoni mpaka likatoboka, na aliwahi kwenda harusini na viatu visivyo ndugu. Ndiyo maana plagi yake ya majaribio aliifunga kamba moja na ufunguo wa nyumba. Akiisahau kazini, atalala nje. Katika miaka yote ya ujane wake, kamba ile haikuwahi kumwangusha.

Kazi yake ilikuwa kuitunza Ajuza. Ndivyo walivyoiita kompyuta ya idara ya maji, dude kongwe lenye ukubwa wa kabati la nguo, lililokaa ofisini mjini na kuamua lini milango ya bwawa ifunguliwe. Wakubwa walitaka kulitupa. Yeye aliwaambia usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa kuwa alikuwa mbishi, wakamwachia mzigo wake. Kadi ya mawasiliano ilipoungua, alitafuta nyingine iliyokwisha kutumika, akalehemu vijimiguu vyake vya chuma vilivyolegea, akapanga viswichi vyake ili mashine isiichanganye na kadi jirani, kisha akaandika upya programu ya kuzungumza na kituo cha kupimia maji kule bwawani. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Kila saa Ajuza ilitaja kina ilichokijua mara ya mwisho, herufi moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, na kituo kikajibu kwa kina kipya kwa mtindo uleule. Kikizidi mita sita, aliandika Bi Waya, fungua milango yote. Hakuona haja ya kumwuliza mtu.

Kabla ya kuunganisha waya wa kituo ilibidi aijaribu kadi. Plagi yake ilikuwa ya kazi hiyo: ukiichomeka nyuma ya mashine, kila inachosema inakisikia yenyewe. Aliichomeka, ufunguo ukining'inia. Ajuza ikasema mita nne, ikasikia mita nne. Bi Waya alicheka peke yake kama bibi aliyemwona mjukuu akisimama dede.

Hapo simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Mama, niko kwako. Nimeingia kwa ule ufunguo wangu wa zamani. Kwa yule bwana sirudi tena."

"Umekula?"

"Sina njaa."

Mwana aliyekataa chakula ni mgonjwa, hata kama anatembea. Bi Waya aliufunga mlango wa nyuma wa Ajuza, akachukua mkoba, akaenda kwa mwanawe. Plagi ikabaki mgongoni mwa Ajuza, na waya wa kituo ukabaki chini, haujaunganishwa na kitu.

Tangu siku hiyo alibisha hodi kwake mwenyewe. Alipenda kusikia kandambili za binti zikija mlangoni, na nani atapekua mkoba kutafuta ufunguo wakati mtoto yuko ndani? Kwa siku kadhaa kosa halikumdhuru mtu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na bwawa kweli lilikuwa na mita nne. Kisha mawingu yakakaa juu ya milima, na hayakuondoka.

Msimamizi wa zamu walimpachika jina Kimya, kwa sababu hanyamazi.

"Bi Waya, kadi yako imenipa usingizi wa mtoto. Jana mita nne, leo mita nne. Huyu Ajuza zamani alikuwa na wazimu."

"Si nilikwambia? Anataka matunzo tu." Akatazama dirishani. Milima haikuonekana. "Huko juu kunanyesha?"

"Madereva wanasema kunanyesha vibaya. Lakini si unaona, bwawa limetulia."

Bi Waya aliendelea kutazama nje. "Ardhi ilikauka mno," alisema mwishowe. "Bado inakunywa." Alijijibu mwenyewe, akaridhika.

Kesho yake asubuhi binti alisema anakwenda kushinda kwa mama yake mdogo, kwenye nyumba zilizo chini ya tuta la bwawa. Bi Waya alifurahi kumwona anavaa vizuri. Alasiri Bi Waya akarudi nyumbani kutoka kazini ameloa chapachapa, akabisha. Kandambili hazikuja. Akatia mkono mkobani, akagusa miwani, leso, skrubu. Kamba haikuwamo. Akakumbuka ilikobaki, akajua kuwa zile mita nne Ajuza ilikuwa ikijisikia yenyewe. Akampigia Kimya.

"Nenda nyuma ya Ajuza. Fungua mlango."

"Kuna ufunguo unaning'inia hapa. Wako?"

"Ng'oa kitu hicho. Chomeka waya uliolala chini. Halafu bonyeza, uulize kina."

Alimsikia akihema na kugonga vyuma. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Kimya akanyamaza.

"Sema, baba."

"Sita nukta tisa." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Bi Waya, taa za milango zinawaka. Milango inafunguka, yote. Mimi sijagusa kitu."

Alijua ni nani aliyegusa, tangu siku alipoiandika ile programu. Aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa.

"Piga king'ora," alisema, akakata, akampigia binti.

"Mama, tunakunywa chai. Majirani wanasema tuhame, mama mdogo amewacheka. Anasema dada yake ndiye anayelinda maji, kukiwa na hatari atatuambia."

"Nawaambia. Acheni kila kitu, pandeni juu. Sasa hivi, mwanangu."

Kiti kilisikika kikisukumwa. Mama mdogo aliuliza jambo kwa mbali.

"Mama," binti akasema, "hiyo sauti ni ya nini?"

Bi Waya aliisikia ngurumo hiyo kwenye simu, amesimama mbele ya mlango wake uliofungwa, na king'ora kilikuwa bado hakijalia.