Usukani wa Gemu ya Sakina

Katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa zilipoanza kuteremka kwa wingi kwa barabara ya Nairobi, mjomba wangu alifungua duka pale Sakina, mkabala na gereji za mafundi wa mabasi. Aliuza pasi, betri, redio, na televisheni zilizokwisha kutumika katika nchi nyingine. Bara hatukuwa bado na kituo cha televisheni. Watu walizinunua kwa ajili ya kanda za video. Siku moja, ndani ya shehena, mjomba alikuta chombo ambacho hakukiagiza: sanduku la plastiki lililonakshiwa kama mbao. Lilipounganishwa na televisheni, kioo kilionyesha mistari miwili myeupe iliyosimama wima, na kitone cha mraba kikidunda kati yake. Mstari ulikuwa mchezaji, kitone kilikuwa mpira. Ndiyo gemu ya kwanza niliyoiona maishani, na ilikuwa imezeeka tayari kabla haijatufikia.

Mimi na mama tuliishi katika vyumba vya nyuma ya duka hilo tangu baba alipofariki. Mjomba alikuwa kaka yake mama, na mwanawe alikuwa rika langu. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne pamoja, tukisubiri matokeo, tukilala chumba kimoja na kula sahani moja. Sikuwa na ndugu mwingine wa kumwita ndugu.

Gemu iliwekwa katika chumba cha pembeni, na vijana wa gereji walikijaza kila jioni. Ilikuja na visanduku viwili vya mkononi, kila kimoja na kifundo cha kuzungusha. Vijana waliviita usukani, na mpaka leo sijapata jina lililo bora kuliko hilo. Haukupita muda mrefu sukani zote mbili zikafa, kwa kuwa mtu aliyezoea kukaza nati za basi hazungushi kitu kwa upole. Mjomba akasema chombo kitupwe.

Nilikifungua kisanduku kimoja juu ya meza ya duka. Ndani mlikuwa na utepe mweusi wa kaboni uliopinda kama herufi C, na mkono mdogo wa bati uliotembea juu yake. Mkono ukienda mbali, umeme hupita kwa taabu zaidi. Ukirudi, hupita kwa urahisi. Mahali pa kupitia zaidi palikuwa pamelika.

“Binamu,” nilisema, “hii si voliumu ya redio?”

“We naye! Voliumu inaongeza sauti. Huu unasogeza mstari.”

“Chombo kitajuaje tofauti? Kinachokijua ni umeme mwingi au mdogo.”

Alinitazama, akacheka, akaenda kuwasha pasi ya kuyeyushia risasi. Ni lazima niseme kwa haki kwamba mkono wake ulikuwa bora kuliko wangu. Viungo vyake vya risasi vilikuwa vidogo, safi, viking’aa kama mbegu za ulezi. Vyangu vilifanana na matone ya uji.

Tulichukua voliumu kutoka redio mbovu, tukaiunganisha. Mstari ulisogea! Lakini ulisogea vibaya: kwa nusu ya kwanza ya mzunguko ulitambaa, kisha ghafla ukaruka hadi ukingoni. Hakuna aliyeweza kuupiga mpira kwa mstari wa namna hiyo.

“Mangi!” fundi mmoja wa breki alimpigia mjomba kelele, “usukani wako umelewa mbege!”

Chumba kizima kilicheka, na mjomba naye akacheka, lakini si kwa kupenda.

Kosa lilinisumbua kwa siku kadhaa. Hatimaye nilielewa kwamba voliumu ile haikuwa mbovu. Ilitengenezwa hivyo makusudi. Sikio la binadamu halihesabu sauti kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha, kwa hiyo mtengeneza redio huufanya utepe uwe na mabadiliko madogo mwanzoni na makubwa mwishoni, ili msikilizaji ahisi sauti inapanda sawasawa. Jicho halina tabia hiyo. Mstari wa kwenye kioo ulihitaji utepe uliobadilika kwa kiwango kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikajiuliza ni kifundo gani katika redio ambacho sikio halikidai upendeleo huo. Jibu lilikuwa kile kinachogawa sauti kati ya spika ya kulia na ya kushoto.

Redio za kawaida hazikuwa nacho. Radiogramu ya marehemu baba, redio na santuri katika kabati moja, ilikuwa nacho. Nilimwomba mama, akasema, “Baba yako angekuwa ameshaing’oa mwenyewe.” Nilikipima kwa mita yangu ya kupimia umeme, nikiwa nimekiweka katikati kabisa, na sindano ikaonyesha nusu kamili ya kipimo chake chote. Binamu akakiunga, na usukani wa pili tukauachia voliumu. Jioni ile mstari ulikwenda mkono ulipokwenda, na fundi wa breki alishindwa na mvulana wa kuuza karanga, akaondoka bila kuaga.

Nimesoma mengi tangu wakati ule kuhusu mwanzo wa michezo hii. Nimejua kwamba wahandisi wa ng’ambo walikwisha kukitumia kifundo cha aina hiyo kabla mimi sijaanza shule, na kwamba wapo walioburuzana mahakamani wakigombea nani wa kwanza kuuchezesha mpira juu ya kioo. Kwa hiyo sidai kuwa nilivumbua kitu. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba pale Sakina, kwa vifaa vilivyokuwapo, mimi ndiye niliyelijua jibu, na sikulipata kwa mtu.

Habari zilifika mjini. Mfanyabiashara mmoja wa vyombo vya umeme, aliyekuwa na gemu kadhaa zilizokufa kwa ugonjwa uleule, alituma salamu kwamba atakuja kumwona kijana aliyetengeneza usukani. Alikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mtu Nairobi kusomea elektroniki, kisha amwajiri. Nafasi moja. Mjomba alitutangazia wakati wa chakula, na mama akaniwekea mkono begani. Sikulala vizuri tena. Hapakuwa na mtu wa kunilipia masomo popote, na mimi nililijua hilo kuliko yeyote mezani pale.

Asubuhi moja binamu aliniambia, “Kuna radiogramu imetupwa katika shamba la maua Usa River. Wahi kabla hawajaichoma. Huyo bwana akija tuwe na vifundo vya kumwonyesha.”

“Anakuja lini?”

“Wiki ijayo, amesema mzee.”

Nikaenda. Radiogramu ilikuwapo, kwa hiyo hata uongo wake aliujengea msingi wa kweli. Niling’oa kifundo, nikakifunga kwa leso, nikarudi mchana. Mbele ya duka palikuwa na gari nisilolijua. Ndani, mgeni alikuwa ameketi na soda mkononi, mjomba kando yake, binamu amesimama na usukani kama mtu anayeonyesha ndama wake mnadani. Mama alikuwa akipanga sahani.

Niliamkia. Mgeni akaitikia, akauliza, “Na huyu ni nani?”

“Huyu ni binamu yangu,” alisema binamu, bila kutikisika. “Huwa ananishikia waya.”

“Mimi ndiye—” nilianza.

“Karibu chakula, mwanangu,” mjomba alinikatiza, kisha akamgeukia mgeni, akitabasamu. “Wamekua pamoja hawa. Kila mmoja anataka alichonacho mwenzake.”

Nilimtazama mama. Alijua kifundo kile kilikotoka. Alishika mwenyewe taa nilipokuwa nikikifungua. Aliinamisha uso juu ya sahani, akaendelea kuzipanga. Tulikuwa tukilala chini ya bati la kaka yake. Hilo nalielewa sasa kikamilifu, na kulielewa hakujapunguza kitu.

Chumbani binamu hakunikwepa. Alisema, “Wewe utafaulu tu, una kichwa. Mimi nikifeli nina nini?” Nilijiapia kwamba Jumatatu nitashuka mjini, nimtafute yule bwana, niombe anipe kifundo chochote na mita, na mbele yake nimwambie kipi kinafaa na kipi hakifai. Binamu asingeweza. Alikuwa amenitazama nikipima, lakini hakupata kuniuliza napima nini. Nilimweleza mama azma yangu. Naamini yeye ndiye aliyempelekea kaka yake habari.

Jumapili, baada ya ibada, mjomba aliingia katika chumba cha mama kwa mlango wa mbele kama mgeni, akiwa na mzee wa ukoo aliyetoka Kilimanjaro, kibuyu cha mbege, na binamu nyuma yao. Binamu alibeba jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Wachaga jani hilo likishaletwa kuomba msamaha halikataliwi. Anayelikataa hujitenga na ukoo, yeye na walio nyuma yake. Na likishapokelewa, neno lile halisemwi tena nje.

“Tumekuja,” alisema mzee, “kuna jambo limepita kati ya watoto. Jani ndilo litakalosema.”

“Limepita jambo gani?” niliuliza. “Alitaje.”

“Jani halitaji,” mzee alijibu kwa upole.

Mkono wa binamu ulikuwa umenyooshwa. Mama alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, “Pokea, mwanangu. Nakuomba.” Nilipokea. Kwa tendo hilo safari yangu ya Jumatatu ilikufa, na kila mtu chumbani alijua kuwa imekufa.

Kibuyu kilizunguka. Mzee alianza kusimulia habari za mvua za mlimani. Ndipo binamu aliposogea karibu yangu, akaniuliza polepole, kama tulivyozoea kuulizana mambo ya hesabu, “Yule bwana amenipa boksi zima la vifundo, anataka nimchagulie kabla sijasafiri. Unavijuaje vile vinavyofaa?”

Nilikipitisha kibuyu kwa mzee. Mjomba alikuwa amesikia, akamtazama mama. Mama akanitazama mimi.

“Mwambie mwenzio,” alisema. “Mmeshapatana.”

Nikamwambia: kiweke katikati, pima, sindano ikisimama kwenye nusu, kinafaa. Aliyarudia maneno yangu midomo ikichezacheza, kama mtoto wa kipaimara anayekariri amri. Alipoona ameyashika, aliuliza kama mita ataikuta huko mjini au aazime yangu. Mama akainuka, akaifuata chini ya kitanda changu, akampa.