Chuma Kando ya Muoni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka mashavu hupata moto. Nilikuwa likizo kutoka ughaibuni, kijana wa maabara, nimejipaka marashi, nikamfuata baba yangu kwenye mizinga yake huko Kumsenga. Nyuki walitutimua hadi mtoni. Mzee, jicho limevimba, alicheka mpaka akakaa chini.

Tukichomoana miiba, akaniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikamweleza kwa Kiha, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Kasulu tu. Tunasanifu mtambo wa kurusha chembe ziitwazo muoni. Kila moja huzunguka kama pia ya watoto, huzama ndani ya kipande cha madini, huhisi usumaku wake hata uwe hafifu vipi. Na ikifa, upesi kuliko kope kufumba, huacha ishara ya ilichokihisi. Mimi nilichora kishikizo cha kipande hicho.

“Cha nini?”

“Cha chuma, baba.”

“Na chuma hakina sumaku?”

Nikasema ni kidogo tu, hakina neno. Akanitazama kwa jicho lililobaki.

“Wewe mwana. Ukienda kwa nyuki na marashi, hawakuonyeshi tabia yao. Wanayajibu marashi yako.”

Mchoro ulikwisha kupitishwa, na mkataba wangu mpya ulitegemea mchoro huo. Kuukana ni kujianika mbele ya wakubwa. Kukaa kimya ni kuwaacha watu wapime chuma changu miaka na miaka wakidhani ni siri ya madini. Lakini mficha uchi hazai. Kesho yake nilikwenda Kibondo mjini, nikampigia simu mkuu wangu, mama mmoja mkali, asiyejua kubembeleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Afadhali umesema wewe,” akajibu, “kabla muoni hazijasema.”

Akanipa wiki moja nichore upya, kwa alumini isiyoshika sumaku. Mkataba ulichelewa, lakini ulikuja.

Basi, mwanangu, anayetaka kusikia jambo dogo hujiondoa yeye kwanza. Ukikosea, sema wino ungali mbichi. Na usimdharau asiyelijua jina la chombo chako. Huenda kazi ya chombo hicho anaijua kukushinda. Mungu akujalie sikio jepesi na ulimi usiojihofia, na utakachokijenga kiseme kweli hata siku ambayo hupo.