Sufuria Yangu Ilirudi Tupu

Jina langu mlifiche kabisa, na majina ya humu nimeyabadilisha, maana hapa mtaani Umoja hata ukipiga chafya jirani anajua ni yako. Nina miaka thelathini na sita na watoto watatu. Mume wangu ni fundi wa ndege. Au niseme alikuwa fundi, kwa sababu siku hizi hata kamba za viatu namfungia mimi.

Aliugua akili kabla ya ile ndege ndogo aliyoihudumia kuanguka, si baada. Hilo mlijue mapema. Alikuwa halali, anabishana na ukuta, anarudi kazini kukagua kazi aliyokwisha kuimaliza. Nilienda mwenyewe kwa msimamizi wake nikamwambia, "Mzee, huyu mtu ni mgonjwa, mpe likizo." Akacheka. "Mama, mpeleke maombi. Jumatatu namtaka hapa." Nikampeleka maombi, na Jumatatu akaenda. Wiki hiyohiyo ndege ikaanguka, na baba wa nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa ndani.

Wakati wa matanga nilipika githeri sufuria nzima, nikampelekea mjane wake, Mama Njoki. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata chumvi kidogo utaweka. Yangu ilirudi imesuguliwa ikang'aa, tupu, ikaachwa mlangoni bila hodi. Ai, nililia siku hiyo! Afadhali angenitukana. Tangu hapo akina mama wa chama wanakutana bila mimi, na nikiingia dukani maneno yanakatika. Nina upweke jameni, na mume niko naye nyumbani mchana kutwa.

Kampuni ya ndege inasema ilikuwa ni mvua tu, fidia hakuna. Sasa juzi Mama Njoki akabisha, bakuli la maharagwe mkononi. Nilifurahi kama mtoto. Akakaa, akasema, "Mama Wanja, wakili anasema kampuni ikijulikana ilimtuma mtu kazini ikijua anaumwa, italipa. Njoo kortini useme. Wanangu wamefukuzwa shule."

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alisikia yote. Mgeni alipotoka tu akanijia juu: "Ukisema mwanangu ana wazimu, watu wataacha kampuni wamrukie yeye! Na hawa wasichana wako, nani atawaoa?"

Bakuli la Mama Njoki nimeliosha, liko juu ya kabati. Kulirudisha tupu siwezi, na anachotaka nitie ndani nakijua.

Lakini kila asubuhi mume wangu ananiuliza jambo moja: "Mama Wanja, nilikaza nati?" Namjibu, "Ulikaza, baba. Kunywa chai." Basi anatulia, anakunywa. Ukweli ni kwamba sijui kama alikaza.

Nishaurini, nifanye nini? Nikisimama kortini mbele yake niseme akili yake haikuwa sawa siku ile, kesho yake asubuhi akiniuliza, nitamjibu nini?