Msimu Niliohesabu Pointi

Mdogo wangu aliendesha gari jekundu ambalo zamani lilikuwa la kusambazia mikate. Aling'oa viti vyote isipokuwa chake, akachomelea fremu ya vyuma ndani ili paa lisimponde likipinduka, kisha akaichomelea milango isifunguke kabisa. Alikuwa akiingia na kutoka kupitia dirishani. Siku ya kwanza nilipomwona akitumbukiza miguu mle ndani, nilimuuliza atatokaje moto ukiwaka.

"Haraka sana, Dada," akasema, akacheka.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na sikuwahi kuacha.

Mashindano yalikuwa ya Jumapili, mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo, kwenye kiwanja cha udongo ukishapita mitaa ya mwisho ya Kangundo Road. Njia ilizunguka timbo la zamani, shimo kubwa walikochimba mawe ya kujengea hadi yakaisha. Kona iliyopita ukingoni mwa timbo ililindwa kwa matairi yaliyorundikwa na tuta la udongo, basi. Madereva walikuwa watu wetu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji: mafundi wa gereji, wenye maduka ya vipuri, mmoja alikuwa kinyozi. Magari yalikuwa makuukuu, yaliyokwisha kukataliwa barabarani. Walisukumana, walikwaruzana, na vumbi lilipotulia hakuna aliyeelewana na mwenzake nani alikuwa bora.

Ugomvi huo ndio ulionileta mimi. Nafundisha hesabu katika shule moja ya upili upande wa Makadara. Mwenyekiti wao, mzee aliyetumia ujana wake kutengeneza magari ya safari, alikuja nyumbani kwetu Mbotela akaketi akaomba maji.

"Mwalimu," akasema, "hawa vijana kila mmoja anajiita bingwa. Tupangie madereva wetu kwa haki, kuanzia mbio ya kwanza mpaka ya mwisho."

Nikamwambia ndugu yangu yumo, atafute mtu mwingine.

"Ndiyo maana tunakutaka wewe. Ukimpendelea tutaona mara moja."

Tukakubaliana mbele ya wote. Mshindi angepata pointi kumi, wa pili nane, wa tatu sita, na kushuka hivyo. Asiyemaliza hapati kitu. Mwisho wa msimu tunajumlisha. Ilikuwa rahisi, kila mtu aliielewa, na mimi nilirudi nyumbani nikiamini nimefanya jambo jema.

Shida iliingia kupitia dereva mmoja wa mtaa wa Pipeline. Alikuwa mwuza mabati, mtu mpole, wa kuswali kabla ya mbio na kumsalimia kila mtu kwa mkono. Gari lake lilikuwa jeupe. Alikosa mbio mbili mfululizo kwa sababu mama yake aliugua, kisha wakamzika. Aliporudi, alishinda. Akashinda tena. Mdogo wangu, kwa upande wake, alikuwa ameshinda mara moja tu tangu tuanze, lakini hakukosa hata Jumapili moja na hakuwahi kushindwa kumaliza. Wa pili, wa tatu, wa pili. Kwa hesabu yangu yeye ndiye aliyeongoza.

Watu wakaanza kuniuliza. Mwalimu, kati ya anayeshinda akiwepo na asiyeshinda lakini yupo kila siku, bora ni nani? Nilisema tulikubaliana kujumlisha. Ilikuwa kweli, lakini hilo silo walilouliza.

Kisha nikaona kitu kilichonifanya nisahau hoja zote. Yule wa Pipeline alibadilika uwanjani. Zamani alikuwa akisubiri nafasi. Sasa hakuwa na muda wa kusubiri, kwa sababu kila pointi aliyokosa wakati wa msiba ilibidi aifidie kwa ushindi. Jumapili moja nilimwona akijipenyeza kwenye kona ya timbo mahali ambapo hapakuwa na nafasi kabisa. Gari la kinyozi likapanda matairi, likasimama upande mmoja kama linafikiria, likaanguka kwa paa. Kinyozi akatoka dirishani akiwa na damu puani, akakaa chini akaanza kucheka bila kuweza kujizuia. Nilijua kilichokuwa kikimsukuma yule mtu mpole. Ilikuwa ni ile hesabu.

Wiki hiyo nilimwendea mwenyekiti nikiwa na pendekezo. Kila dereva aondolewe matokeo yake mawili mabaya zaidi. Aliyefiwa asiadhibiwe kwa kuzika, na aliyeharibikiwa na gari asilazimike kuendesha kama mwendawazimu ili kulipa.

Mzee akaniuliza, "Na ikiwa hivyo, nani anaongoza?"

"Wa Pipeline."

"Ndugu yako anajua?"

Hakujua. Nilimwambia jioni ile, akiwa anakula. Aliacha kijiko kwenye sahani.

"Dada, wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa nyinyi kubaki hai."

"Mimi sijamsukuma mtu. Nimeenda kila mbio, nimemaliza kila mbio. Sasa hiyo unaniambia si kitu?"

Alikuwa na haki. Kubadilisha sheria katikati ya msimu ni dhuluma hata kama sheria mpya ni bora.

Habari ilitembea haraka. Kesho yake nikitoka shuleni, vijana watatu wa mtaani kwetu walikuwa wameegemea geti la ploti yetu ya nyumba za kupanga. Nawajua tangu wakivaa kaptura. Mmoja nilimfundisha.

"Niaje, madam," akasema yule niliyemfundisha, lakini hakunipisha. "Tumeskia unataka kupea watu wa Pipeline ubingwa."

"Nataka msife," nikasema.

"Sisi hatuendeshi. Tunakuambia tu, usituchezee na hesabu. Mbotela haijawahi kuwa na bingwa."

Alisema kwa upole, hata akanishikia mkoba nilipokuwa nikitafuta ufunguo, na upole huo ndio ulionitisha. Tangu siku hiyo nilianza kupitia njia ya nyuma, kando ya vibanda vya mboga, na nikisikia hatua nyuma yangu nilisimama nikajifanya ninachagua nyanya.

Mkutano wa madereva ulifanyika gerejini kwa mmoja wao, watu wameketi juu ya matairi. Nilieleza pendekezo langu. Kabla mtu yeyote hajapiga kelele, yule wa Pipeline aliinua mkono.

"Mwalimu, Mungu akulipe kwa kunifikiria," akasema. "Lakini tulianza na sheria hii. Tumalize nayo. Sitaki kusikia maisha yangu yote kwamba nilipewa."

Wakapiga makofi. Mdogo wangu pia alipiga, huku akiangalia chini. Mimi peke yangu sikupiga, maana ilikuwa imebaki mbio moja, na ndugu yangu alikuwa mbele kwa pointi nne. Wa Pipeline akishinda, mdogo wangu alihitaji tu kumaliza wa pili. Nilimwambia hivyo asubuhi ya siku yenyewe, tukiwa kando ya gari lake.

"Wa pili tu. Umenisikia? Mwache aende."

"Unajua wananiitaje?" akaniuliza. "Bingwa wa kujikokota."

"Nani anakuita hivyo?"

"Wote. Hata hao wa getini wanaokutisha."

Akaingia dirishani, akavaa helmeti, akaacha kuniangalia.

Gari jeupe lilitangulia tangu mwanzo. Jekundu likalifuata. Mzunguko baada ya mzunguko yalipita mbele yangu hivyo hivyo, na kila yalipopita nilisema moyoni, hapo hapo, kaa hapo hapo. Alikuwa mahali alipotakiwa kuwa. Kisha nikasikia injini yake ikipanda sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nikaliona gari jekundu likitoka nyuma ya lile jeupe na kwenda upande wa nje, upande wa timbo.

Sikuona lilivyogonga. Niliona matairi yakiruka na vumbi likiinuka juu ya tuta, halafu hapakuwa na gari.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Mtu alinishika kiunoni nikamuuma mkono, mpaka leo sijui alikuwa nani. Tulipofika ukingoni tukaliona gari limelala kwa paa kwenye ukingo wa chini kidogo, hatua chache kabla ya shimo lenyewe, na harufu ya petroli imetanda. Niliita jina lake. Hakuitika. Niliita tena, na kimya kile nitakufa nacho. Wanaume wakateremka na kifaa cha kuzimia moto, wakamwaga poda, mmoja akaingiza mkono dirishani. Ndipo mkono mwingine, wa ndani, ukaushika.

Bega lilivunjika, na mbavu kadhaa. Fremu aliyoichomelea mwenyewe ilipinda lakini ilishika.

Hospitalini mwenyekiti alinipigia simu kuuliza matokeo. Nikiwa nimesimama kwenye korido na kiatu kimoja, nilimpa: kumi kwa wa Pipeline, sifuri kwa ndugu yangu, bingwa ni wa Pipeline. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ninasoma alama za mtihani. Bingwa mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi karibu nami, bado ana vumbi kwenye nyusi. Alinisikia. Baadaye aliniuliza tu kama mgonjwa anaruhusiwa kunywa maji, akaenda kununua.

Mdogo wangu alipoweza kuzungumza, nilimwambia. Alifunga macho.

"Ni haki," akasema. Kisha, polepole, kwa sababu mbavu zilimuuma: "Dada, watu walisema naendesha kwa akili. Haikuwa akili. Nilikuwa naogopa. Kila Jumapili. Leo nilitaka nijue kuendesha bila kuogopa kukoje."

"Na kukoje?"

"Sijui. Nilikuwa naogopa tu."

Msimu uliofuata tulianza na sheria mpya, ya kuondoa matokeo mawili mabaya, na ikakubaliwa na wote kabla gari lolote halijawashwa. Kona ilisogezwa mbali na timbo. Vijana wa getini walinisalimia kama kawaida, nami niliitikia, ingawa bado napitia kwenye vibanda vya mboga. Pointi nazihesabu mimi. Ndugu yangu amenunua gari lingine, la kijani, na safari hii mlango mmoja ameuacha unafunguka. Amemaliza wa nne mara mbili. Anapopita mbele yangu sitazami nafasi yake, natazama kama anapita.