Mlinzi wa Machimbo ya Hatta

Mkataba wangu wa ulinzi ulikuwa ukingoni, na msimamizi, aliyezifungia pasipoti zetu ofisini kwake, alishaniuliza mara moja: unaongeza miaka miwili au unarudi kwenu? Nilimwambia nitafikiri. Kufikiri kwenyewe kulinishinda. Nilikuwa na binti Tabora aliyezaliwa nikiwa huku, hanijui ila sauti ya simu, na nilikuwa na nyumba iliyokwama kwenye linta. Usiku nageuka geuka kitandani, mchana nazunguka ghala la Al Quoz, hapa Dubai, ambalo hata mwizi hakuwa na haja nalo. Kila kitu kiliniudhi, hata wali wa kantini.

Mkenya niliyeishi naye chumba kimoja, mlinzi kama mimi, aliona. "Buda, utapasuka," akasema. "Ijumaa twende Hatta. Kuna mine ya shaba iliachwa huko kitambo. Dereva mmoja ameniambia iko tu vile ilikuwa."

Viatu vyetu vingine vilikuwa ndala, hivyo tukavaa buti za kampuni. Mimi nilikuwa nimefua nguo zote, nikavaa na shati la kazi. Tukapanda basi hadi Hatta, tukafuata bonde kavu lenye mawe matupu, bila kivuli. Nilikwenda mbio mbio mpaka mwenzangu akauliza ni nani anayetufukuza. Nilidhani nikichoka nitatulia. Nilichoka tu.

Machimbo yakatokea nyuma ya kona, na kweli yalikuwa mazima. Lango la mabati limepakwa rangi. Vitoroli vimepangwa kwenye reli, magurudumu yana grisi. Magogo yameshikilia mdomo wa handaki, na uwanja wote umefagiliwa. Hapo nikasita, maana mahali palipoachwa hapafagiliwi. Nikapiga hodi kama nilivyolelewa, mwenzangu akinicheka kwamba nawapigia hodi mashetani.

Akatoka mzee wa Kipathani, wale watu wa milima ya Pakistani, ndevu zimepakwa hina. Alitazama buti zetu, akatazama beji ya ulinzi kwenye shati langu, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Arbab amewatuma?" aliuliza kwa kile Kiarabu cha kazini tunachookoteza sote, ambamo arbab ni tajiri mwenye kazi. "Alhamdulillahi! Nilijua atakumbuka!"

Kabla hatujajibu alinitia ufunguo wa lango mkononi, akakimbilia kibandani kwake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mwenzangu akasema, akitabasamu. Hakuwa ameelewa. Mimi nilielewa. Mlinzi haachi lindo mpaka aje wa kumpokea. Akishakabidhi ufunguo, zamu yake imekwisha. Mzee alirudi na begi lililokwisha kufungwa kwa kamba, kamba yenyewe imejaa vumbi. Aliambiwa akae hapa mpaka aletwe mtu mwingine. Lori la maji na unga lilikuja, mtu hakuja. Alipofika, alisema, ndevu zake zilikuwa nyeusi.

"Yalla," akatuhimiza, "nawaonyesha kazi, kisha naondoka."

Nilitamani ardhi inimeze. "Baba," nikamwambia, "hatukutumwa. Tumekuja kutembea tu."

"Kutembea?" Akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi. Ilibidi nirudie. Afadhali angetutukana. Alichukua ufunguo polepole, akaliweka begi chini ya kivuli, akasema hatuwezi kuondoka bila chai.

Tukanywa. Mimi nilikuwa siwezi kukaa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mzee aliniangalia.

"Una watoto?"

"Mmoja, wa kike."

"Ameanza kutembea?"

"Nasikia anakimbia," nikajibu.

Hakuniuliza nimesikia kwa nani. Aliniongezea chai, akachukua ufagio, akaenda kufuta nyayo zetu uwanjani.

Jumamosi asubuhi msimamizi alinisimamisha getini. Hakuwahi kumaliza swali lake.

"Sir," nikamwambia, "naomba pasipoti yangu."