Mablanketi Mawili Kwenye Kamba

Asubuhi hii nimeanika blanketi la mama juani, na ile harufu ya mkojo na sufu ikipata joto ikanirudisha Malaba, kule mpakani, nikiwa darasa la kwanza, bingwa wa kukojoa kitandani Afrika Mashariki nzima.

Kila blanketi langu lilipoanikwa, binamu zangu walipiga masufuria: "Ziwa limefurika! Leteni mitumbwi!"

Nikaapa kutokunywa maji mpaka nioe. Siku ya pili midomo yangu ilipasuka kama barabara ya Chakol wakati wa kiangazi.

Mama, aliyewauzia madereva wa malori supu ya matumbo, alinikuta nimejikunja nyuma ya jiko. Hakunichapa. Alichukua kibofu cha mbuzi, kile ambacho watoto tulikipuliza kuwa mpira, akakijaza maji mpaka kikawa kama papai, akabana shingo yake kwa vidole.

"Ona, baba. Mlango uko hapa shingoni, na chini yake ni kamrija ka kutokea. Mlango wako bado unalala usingizi wa mtoto. Utaamka tu. Wewe kunywa maji."

Akalivuta blanketi lake mwenyewe, akalegeza vidole juu yake, maji yote yakalimwagikia. Akalianika kando ya langu, akawaita binamu.

"Haya, pigeni masufuria! Leo tumekojoa wawili."

Hakuna aliyepiga.

Leo mama amekaa kitini, ameinamisha macho, chai hataki kuigusa. Nimelimwagia blanketi langu ndoo nzima ya maji, nikalianika kando ya lake.

"Kunywa chai, mama. Leo tumekojoa wawili."