Dari ya Siku ya Nane

Mume wangu ni fundi mwashi, na ana hadithi tisa. Nazijua zote kama ninavyozijua sufuria zangu, na kila moja najua imebonyea wapi. Ipo ya ukuta alioujenga huku anatetemeka kwa homa. Ipo ya tajiri aliyetaka ngazi isiyochukua nafasi. Amewasimulia watoto, akawasimulia wajukuu, na kila kijana aliyejifunza kazi kwake ameondoka na mwiko mmoja na hadithi tisa. Simsemi vibaya. Anasimulia vizuri kuliko anavyopiga lipu, na lipu yake ni laini kweli kweli.

Inayopendwa kuliko zote ni ya siku ya nane. Alikuwa kijana, amemwaga dari ya zege ya duka la ghorofa. Zege bichi hushikiliwa kutoka chini kwa mbao na mirunda, miti iliyosimamishwa kwa safu, mpaka likomae, na kukomaa huchukua karibu mwezi mzima. Mwenye duka alikuwa na haraka. Siku ya nane mume wangu akang'oa mirunda yote, akaingia chini ya dari peke yake, akaagiza chai, akainywa taratibu huku wenzake wamejazana barabarani wanamwombea. Dari haikutikisika. Hapo wajukuu hupiga makofi, naye husema, "Ufundi ni moyo."

Ni kweli. Nilikuwepo, chai niliichemsha mimi. Ila hadithi hiyo ina nusu ya pili, na nusu ya pili ilikuwa inakuja kwetu kila Jumapili mchana kucheza drafti.

Namsema rafiki yake wa tangu ujana, fundi mwenzake. Kazini walimpa jina la Timazi, ule uzi wenye risasi nchani ambao mafundi hupimia kama ukuta umesimama wima, kwa sababu zamani alitembea wima vilevile. Sasa mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na jina limebaki. Binti yetu humwita baba mdogo. Alipokuwa na miaka mitano alimuuliza mguu umefanya nini, na baba yake akawahi kujibu kwamba baba mdogo alianguka na baiskeli. Timazi akacheka, akasema ndiyo, kwenye mteremko. Nami nikaongeza kwamba breki zilikatika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikwenda miaka ishirini na sita, kwa sababu tuliifyeka watu watatu.

Binti akakua, akawa fundi, na sasa ni msimamizi wa ujenzi mwenye watu kumi na wanane chini yake. Sikushangaa. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za zege angekuwa nani, mshona viatu?

Jumapili moja alikuja na buti zake zenye saruji, akaketi, akamega mkate wa baba yake bila kuomba.

"Kesho tunang'oa mirunda ya ghorofa ya kwanza," akasema. "Mwenye jengo ana wapangaji wanasubiri kuingia chini."

"Mlimwaga lini?" baba yake akauliza, macho yako kwenye drafti.

"Jumapili iliyopita. Kesho ni siku ya nane, baba." Akatabasamu. "Vijana wameogopa kidogo, nikawapa hadithi yako ya chai. Nimewaambia nitaingia mimi kwanza, nikae pale chini na kikombe changu."

Nilikuwa nakunja nguo. Nikakaa juu ya nguo zilezile. Timazi aliweka kete yake chini, akashika fimbo, akasema, "Mimi naenda zangu, nina wageni." Timazi hana wageni. Siku ya Jumapili hawezi kupata mgeni, maana yeye mwenyewe ni mgeni wetu. Alikuwa anamwachia rafiki yake nafasi ya kusema, au ya kutafuta uongo mwingine. Ndivyo alivyo.

"Kaa," mume wangu akamwambia.

Kwanza alijaribu kukwepa. "Saruji ya siku hizi si kama ile ya zamani."

"Nimeichagua mwenyewe, baba. Iko sawa."

"Wiki nzima kulikuwa na mawingu."

"Na wewe ulinyeshewa na mvua. Umesema mara mia."

Mvua hiyo haikuwepo. Aliiongeza mwenyewe miaka mingi baadaye, ili hadithi inoge.

"Baba watoto," nikasema, "mwambie, ama nitamwambia mimi."

Mume wangu husimulia kwa mikono. Siku hiyo mikono ilitulia mapajani. "Mwezi uliofuata ile dari ya chai nilimwaga nyingine," akasema. "Siku ya nane nikang'oa. Nikamwita baba yako mdogo tukanywe chai chini yake, watu watuone. Mimi nikatoka kufuata sukari. Ikashuka yote. Tulimfukua kwa muda wa saa tatu."

Binti alimgeukia Timazi. "Na baiskeli?"

"Sijawahi kuwa na baiskeli, mwanangu."

"Mimi mpaka leo sijui kuendesha baiskeli," binti akasema polepole. "Kwa ajili ya mguu wako."

Siku nyingine tungecheka.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza baba yake.

"Nilitaka uwe na baba wa kujivunia."

"Mimi sikumzuia," Timazi akasema. "Mguu ni wangu, lakini habari ni yake. Nilikuwa namngoja aiseme mwenyewe."

Binti akasimama. "Kesho ningekuwa chini ya ile dari, baba." Akatoka bila kuaga, na hajawahi kutoka nyumbani kwetu bila kuaga. Mume wangu alilia pale pale kwenye kiti. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira naye, na zaidi nilikuwa na hasira na nafsi yangu, maana zile breki nilizikata mimi.

Saa moja asubuhi binti alirudi. Hakuketi. "Baba, vaa viatu. Mama, na wewe."

Kwenye jengo mirunda ilikuwa bado imesimama yote. Mafundi walikuwa wamekusanyika na nyundo zao, hawana kazi. Mwenye jengo alikuwa anazunguka amenuna. Binti alikuwa ameshamwambia kwamba hautang'olewa mrunda hata mmoja kabla ya wiki nne, na kama hataki atafute fundi mwingine. Timazi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Binti alikuwa amempitia yeye kwanza.

Mume wangu alipoona watu wote wale wanamtazama, mazoea yakamrudia. Akakohoa, akakunjua mikono. "Nilikuwa kijana," akaanza, "na mwenye duka alikuwa na haraka..."

"Hapana, baba," binti akamkatiza, bila ukali. Akawageukia watu wake. "Huyu ni baba yangu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Aliwahi kuangusha dari." Kisha akamwambia, "Anzia pale ilipoanguka."

Mume wangu alimtazama Timazi, na Timazi akaitikia kwa kichwa. Akaanzia hapo.